Waliotia Bildi Pwani Yetu

(Maneno ya mwanachama katika mkutano wetu wa mwaka, Kariakoo, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika chache, nami sitazizidisha, maana pilau imeanza kunukia.

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Mababu zetu waliibeba vita ile mabegani. Lakini huku pwani, vita hiyo ilikuwa pia vita ya ramani.

Wajerumani walikuwa na meli ya kupimia bahari, Möwe. Kazi yake ilikuwa kutia bildi, kuhesabu pima na kuchora mafungu. Ilipima hata milango ya Rufiji, ndani ya mikoko. Agosti 1914 waliizamisha wenyewe katika bandari yetu hii, isitekwe. Meli ilizama, ramani zake hazikuzama. Mwezi uliofuata manowari yao Königsberg ikaingia Rufiji kujificha, mahali ambapo Waingereza, kwa ramani zao, hawakudhani meli kubwa yaweza kupita.

Walipoigundua, hawakuweza kuifuata. Ikabidi mwindaji Pretorius atumwe kwa siri kupima kina na maji kujaa na kupwa. Ndipo Severn na Mersey, meli zisizohitaji maji mengi, zikaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa na watu hadi Dar es Salaam, ikaendelea kuua nchi kavu.

Ndugu zangu, wavuvi wa Rufiji walivijua vijito vile tangu zamani. Lakini ujuzi wao ulikaa kichwani; wa wageni ulikaa karatasini, nao ndio ulioamua vita. Kwa miaka mingi meli ziliingia bandarini kwetu kwa ramani zilizochapwa Uingereza.

Mimi nilimaliza shule nikiweza kuchora pwani ya Norwei, bila kuwahi kuona ramani ya mlango wa bandari hii. Basi naomba, kabla ya sahani kupita, kofia ipite. Tuinunulie maktaba ya shule yetu ramani za bahari za pwani yetu, na kila mwaka tumlipie nauli mvuvi mzee mmoja akazungumze na darasa la Jiografia, na vijana waandike asemayo.