Njia ya Mwenda kwa Miguu Ianzie Bara

(Mazungumzo kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Jiji linapozungumzia kupendezesha mitaa, macho huelekea kisiwani. Huko ndiko kuliko Mji wa Kale, Ngome ya Yesu iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011, na bustani ya Mama Ngina iliyofunguliwa upya mwaka 2019. Kazi hiyo ina faida yake. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, na kati yao 154,171 tu ndio wa Mvita, yaani kisiwani. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, wako bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, pamoja na Nyali na Jomvu.

Wengi wao hutembea. Kivuko cha Likoni pekee hukadiriwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na avukaye kwa miguu halipi nauli. Daraja linaloelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwaka 2021, lilijengwa kwa ajili yao, ili kupunguza msongamano kwenye feri wakati wa korona. Mwenda kwa miguu akitiwa katika hesabu, njia yake hupatikana.

Tatizo ni akishatoka kivukoni. Wahenga husema mwenda pole hajikwai. Pasipo na njia ya miguu, hata mwenda pole hujikwaa: mtaro haukufunikwa, bodaboda imeegeshwa, kibanda kimetokeza. Mama mwenye mtoto mgongoni hushukia kwenye lami, penye matatu na, kule Changamwe, malori ya makontena ya bandari.

Mtaa wa kutembea si lazima uwe wa marumaru. Mji wa kale wa Lamu huishi bila magari katika vichochoro vyake. Nairobi, Barabara ya Luthuli ilipunguziwa nafasi ya magari mwaka 2019, waendao kwa miguu wakaongezewa. Bara kunahitajika mtaro uliofunikwa, taa, kivuli na mahali salama pa kuvukia.

Mgogoro uko kwa wachuuzi. Mchuuzi hufuata miguu ya wateja. Kumpeleka mbali na njia ni kumnyima riziki. Kumwachia njia nzima nako ni kumsukuma mteja wake mbele ya gari. Suluhu ni kipimo: upande mmja wa vibanda, na upande wa kupita usiozibwa, wenye upana wa viti viwili vya magurudumu kupishana. Kipimo hicho kikiwekwa bila wachuuzi na watu wenye ulemavu kuwapo mezani, hakitadumu hata mwezi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mitaa ya ndani, ile ya kwenda shuleni, sokoni na zahanati, ndiyo pa kuanzia.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti huitishwa kila mwaka. Mkazi na aje akitaja mtaa wake kwa jina, mtaro ulio wazi na mahali watoto wanapovukia. Ombi la namna hiyo huandikika katika bajeti. Malalamiko ya jumla hubaki ukumbini.