Kalenda ya Mwenyeji: Kuandaa Riwaya ya Misafara ya Unyaturu

Anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria kuhusu Unyaturu ya karne ya 19 huanza, karibu kila mara, kwa kumfungua Henry Morton Stanley. Haishangazi. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na watu 356, akaiacha njia iliyozoeleka ya Tabora na kushika kaskazini kutoka Ugogo. Januari 1875 Mwingereza kijana Edward Pocock akafa kwa homa njiani. Haukupita muda Kaif Halleck, yule aliyewahi kubeba mfuko wa barua za Livingstone, akauawa alipobaki nyuma ya msafara. Kisha kikafuata kijiji cha Vinyata, katika nchi ambayo Stanley aliiita Ituru, na mapigano ya siku tatu. Kifo, mauaji, vita: sura tatu zimejipanga zenyewe. Hoja yangu ni kwamba urahisi huo ndio mtego. Riwaya ya namna hii inapaswa kupangwa kwa kalenda ya mwenyeji, yaani mvua, palizi na ghala, na shajara ya mgeni iitwe kama shahidi wa kuhojiwa.

Mtego huu una historia ndefu kuliko Ituru. Mwaka 1867 Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti huko Kansas na Nebraska, akiripoti kampeni ya jeshi la Marekani dhidi ya wenyeji wa nyanda zile. Kalamu iliyokuja kuandika habari za Wanyaturu ilikuwa imekwisha kujifunza kazi yake huko. Mwaka 1893, mjini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alitoa mada iliyoeleza mpaka wa Marekani kama mstari unaosogea kuelekea magharibi na kulizaa taifa. Riwaya nyingi za nchi ile zimetembea juu ya mstari huo. Lakini mstari unaosogea huonwa na anayesafiri tu. Aliyekaa kwake haoni mpaka, anaona ua wake. James Welch alilielewa hilo alipoandika Fools Crow, iliyotoka 1986. Aliwaweka Wablackfeet wa Montana katikati, na wazungu wakawa tetesi, kisha ugonjwa, kisha risasi. Kwa mwandishi wa Unyaturu naona somo kubwa hapo kuliko katika maktaba nzima ya hadithi za ng'ombe na bastola.

Tuirudie basi Januari 1875, safari hii tukiwa tumesimama mlangoni mwa tembe. Singida, iliko nchi ya Wanyaturu, ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mnamo Aprili. Januari ni mwezi wa palizi: uwele na mtama viko shambani vikiwa vibichi, na kilichomo ghalani ni masalio ya mavuno ya mwaka uliopita. Katika mwezi huo huo yanatokea mamia ya watu wenye bunduki na njaa. Njaa hiyo hatuibuni; Stanley mwenyewe anaeleza jinsi watu wake walivyokwama porini bila chakula hadi akawapikia uji ndani ya sanduku la bati. Huko Vinyata anataja malalamiko ya wenyeji kwamba mtu wake mmoja ameiba maziwa. Msomaji wa haraka hupita hapo, kwa kuwa mishale iko ukurasa wa mbele. Mwandishi wa riwaya na asimame. Katika nyumba ya mfugaji, maziwa ya masika ndiyo chakula cha watoto wakati nafaka imepungua. Mwisho wa vita nao unasema jambo hilo hilo: watu wa Stanley walichoma vijiji na kuchukua nafaka. Ukiyapanga mambo haya kwa shajara, unapata kisa cha washenzi wakali na shujaa mvumilivu. Ukiyapanga kwa kalenda ya shamba, unapata ugomvi juu ya chakula, na kila mhusika ana sababu inayoeleweka.

Kazi ya utafiti nayo hubadilika. Swali la kwanza si nani alipiga nani, ni vitu gani vilikuwapo. Alizeti inayopamba mashamba ya Mwankoko, Singida, leo iondolewe kabisa katika mandhari ya 1875. Badala yake ziingie nguo na shanga, kwa kuwa ndizo zilizolipa hongo, yaani ushuru wa njia, na kununua nafaka. Jina la merikani, kitambaa cha pamba, linatuambia kilikofumwa: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja kwa miongo mingi, na mkataba wa Marekani na Seyyid Said ni wa 1833. Kwa hiyo Marekani ilifika bara begani mwa mpagazi kabla Stanley hajafika. Mhusika mmoja anayebishania upana wa kitambaa hicho anaweza kutufungulia biashara ya bahari mbili bila mwandishi kuhutubu.

Nitajibiwa kwamba karibu maandishi yote ya wakati ule ni ya wageni. Ni kweli kwa sehemu. Hata mgeni mmoja ana vinywa vitatu: shajara yake, barua zake kwa magazeti ya London na New York, na kitabu cha 1878, na kuvilinganisha ni nusu ya mahojiano. Kuna utafiti wa Marguerite Jellicoe na Harold Schneider kuhusu Wanyaturu. Ni wa karne ya 20, ila mzunguko wa mbolea, nafaka na ng'ombe haukuzaliwa na ukoloni. Ziko pia habari za safari zilizoandikwa kwa Kiswahili na kukusanywa na Carl Velten mwaka 1901, ambamo bara linatazamwa na macho ya pwani.

Vipi kuhusu masimulizi ya mdomo, ambayo hubadilika kila yanaposimuliwa? Simulizi ya Liti, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki na ambaye uwanja wa mpira wa Singida unaitwa kwa jina lake, haitupi hesabu ya askari. Inatupa kitu kingine: katika nchi ya mizinga ya nyuki, watu walichagua kukumbuka silaha iliyotoka katika kazi yao wenyewe. Riwaya inahitaji ushahidi wa aina hiyo kuliko tarehe.

Wapo watakaosema kwamba riwaya ni ubunifu, haina haja ya mzigo huu. Aniceti Kitereza aliubeba. Katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ndoa moja ya Ukerewe inabeba dunia nzima ya kilimo, pombe na ukwe, na msafara hauhitajiki ili kisa kiende. Abdulrazak Gurnah, kwa ustadi mkubwa, alitupeleka bara katika Paradise ya 1994, lakini tulikwenda tukiwa ndani ya msafara wa mfanyabiashara. Wenyeji tuliwakuta njiani. Riwaya ya Ituru ingeweza kuanza miezi sita kabla ya Stanley, wakati wa mavuno, mama mwenye nyumba akikadiria kama ghala litafika masika. Msafara uingie sura ya tano, tayari tukijua kilichobaki ghalani.