Dawa za Kwapa Ziitwazo za Asili, na Amana ya Muuzaji





Nilipoombwa nitoe neno katika siku hii ya ukumbusho, hapana shaka wengi walidhani nitasimulia khabari za kujengwa msikiti wetu. Hayo wako wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo dogo, ambalo mtu huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni dawa ya kwapa. Nimelichagua kwa sababu ndilo lililonionyesha kosa langu mwenyewe, katika umri huu wa zaidi ya miaka hamsini.

Mwajua kwamba baada ya darasa la alasiri mimi hukaa katika kiduka changu hapa Buyenzi, nikiuza udi, miski, misuwaki na juzuu za watoto. Siku moja mfanya biashara aliniletea boksi la mawe meupe, yaonekanayo kama vipande vya barafu, ambayo mtu huyalowesha maji akajipaka kwapani ili asinuke. Kila jiwe lilikuwa na kikaratasi cha Kifaransa. Nikasoma mwanzo wake: jiwe la asili. Nikasoma neno "haina", na mbele yake nikaliona jina la alumini. Nikaridhika, wala sikuendelea. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia: "Chukua, hii ni ya asili, haina alumini."

Miongoni mwa walionunua alikuwamo bibi mmoja jirani yetu, mgonjwa wa mafigo, ambaye daktari wake alimwonya asijipake dawa zenye alumini. Hakuuliza bei kwanza. Aliuliza: "Sheikh, una hakika?" Nikamjibu kwamba nina hakika.

Baada ya siku kadha akaja dukani binti aliyesoma juzuu kwangu tangu udogo wake, na sasa anasomea elimu ya madawa. Akalishika jiwe, akasoma kikaratasi mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa adabu: "Baba Sheikh, hii ni shabu."

Shabu! Kitu ambacho wazee wetu wakikitia katika mtungi wa maji yenye tope ili uchafu utuame, na kinyozi akimpaka mtu shavuni ili damu ikatike. Nikacheka, nikasema: "Basi, binti yangu, si ni kitu cha asili?" Akanijibu: "Ni cha asili, Baba, na ndani yake mna alumini."

Akanieleza, na baadaye niliuliza wengine wenye elimu hiyo nikapata maneno yale yale. Shabu ni chumvi iliyoungana na alumini, potasi, salfa na maji. Katika gramu 100 za jiwe safi la shabu mna alumini ipatayo karibu gramu 6. Na aliyeandika kikaratasi hakuandika uwongo wa herufi. Aliandika kwamba haina alumini klorohidrati, yaani aina moja tu ya chumvi za alumini, ile itumikayo sana viwandani. Mimi ndiye niliyelikata jina la mwisho na kulitangaza la kwanza.

Sasa ndugu zangu, yafaa tufahamu dawa hizi zafanya kazi gani. Jasho lenyewe aghalabu halina harufu. Harufu huja pale vijidudu vinavyokaa juu ya ngozi vinapolila jasho la kwapa na kulivunjavunja. Kwa hivyo dawa ni namna mbili. Ya kwanza huzuia jasho lisitoke: chumvi ya alumini hukutana na jasho, ikafanya utando mzito wa kuziba vitundu kwa muda. Ya pili haizuii jasho, bali huvipunguza vijidudu au huifunika harufu kwa manukato. Zile ziitwazo za asili nyingi ni za namna hii ya pili, na ni kweli kwamba nyingi katika hizo hazina alumini klorohidrati. Lakini kutokuwa na kitu kimoja si kutokuwa na kila kitu ambacho mnunuzi asingekitaka.

Nitatoa mifano. Dawa nyingi za asili hutiwa bikaboneti ya soda, ile ile ya kuumulia maandazi. Ngozi yetu ina ukali kidogo kama wa ndimu iliyozimuliwa sana, na bikaboneti ni kinyume chake, ina tabia ya magadi. Kwa hivyo watu wengine hupata wekundu na muwasho kwapani, khasa wakijipaka mara tu baada ya kunyoa. Mfano wa pili ni mafuta ya kunukia yaliyokamuliwa katika maua na maganda ya matunda. Baadhi yake yakikaa katika hewa hugeuka, yakawa ya kuudhi ngozi za watu wengine. Nchi za Ulaya tangu mwaka 2005 ziliwalazimisha wenye viwanda kuyataja kwa majina manukato 26 yajulikanayo kuwadhuru wengine, yawe yametoka katika mti au katika kiwanda, na mwaka 2023 orodha hiyo ikaongezwa hata ikafika kadiri ya 80. Na wako kwetu wanaojipaka maji ya ndimu kuondoa harufu. Ndimu ni ya asili kabisa, lakini maji yake yakibaki juu ya ngozi ikapigwa na jua kali, huweza kuibabua kama moto.

Wengine hununua dawa ya asili wakidhani kwamba kwa hivyo haina spiriti. Hilo nalo si lazima. Spiriti hutengenezwa kwa nafaka au miwa, na dawa nyingi za kupuliza, hata za mitishamba, zimejaa hiyo. Kuitumia juu ya mwili ni mas'ala ambayo maulamaa wamekhitalifiana, nayo tuyaache kwa siku ya darasa la fiqhi. Ninalosema leo ni kwamba mtu anayetaka kuiepuka asitegemee neno "asili". Na kinyume chake, asihofu kila aonapo neno la kileo limeunganishwa na jina jingine, kwani alkoholi ya setili, mathalan, ni kitu kama nta na hailevyi.

Wala sipendi mtoke hapa na khofu isiyo na msingi. Imeenea khabari kwamba alumini ya kwapani huleta saratani ya matiti. Wataalamu wameitafuta sana dalili hiyo. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2002, waliulizwa wanawake 813 wenye ugonjwa huo na 793 wasio nao, na haikuonekana kwamba dawa hizi zilizidisha ugonjwa. Kamati ya wataalamu wa Ulaya mwaka 2020 ilisema kwamba alumini ni salama katika dawa za kwapa kwa vipimo ilivyoviweka. Ila mgonjwa wa mafigo ana hukumu yake, kwa kuwa mafigo ndiyo yatoayo alumini mwilini. Na huko Marekani dawa za kuzuia jasho hutakiwa ziandikwe kwamba mtu huyo amuulize daktari kwanza. Basi huenda jiwe lile lisingemdhuru bibi yule. Lakini hilo lilikuwa la daktari kuamua, si langu, na mimi nilimfungia mlango wa kuuliza.

Sote twaijua khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika fungu la nafaka iliyo kavu juu, na vidole vikakuta umajimaji chini. Hakuikataza ile nafaka kuuzwa; alimtaka mwenyewe auweke umaji juu, watu wauone. Nimeisomesha khabari hiyo miaka mingi. Sikujua kwamba nami nina fungu lililolowa, kwa sababu sikutia mkono.

Nilifunga duka siku mbili nikapita kwa walionunua. Baadhi yao walikuwa wamekopa, kwa hivyo majina yao yalikuwamo katika daftari langu. Wengine walicheka wakasema jiwe linawafaa, na wakabaki nalo kwa kujua. Wengine walirudisha nikawalipa. Bibi yule alilitoa jiwe katika pindo la khanga, akaniwekea mkononi. Nikamwambia bei yake ni hii. Akasema: "Sheikh, mimi sikununua jiwe, nilinunua neno lako." Sikuwa na jawabu. Nilimwomba radhi, akanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Basi wasia wangu ni mfupi. Neno "asili" latwambia kitu kimetoka wapi, nalo halituambii mna nini ndani yake. Serikali ya Marekani mpaka leo haijaliwekea neno hilo maana ya kisheria katika vitu vya kujipamba, na kila muuzaji hulitia anapotaka. Kwa hivyo tusisome maneno makubwa ya mbele, tugeuze chupa tusome herufi ndogo za nyuma, ambapo vitu vilivyomo huandikwa kwa taratibu, kilicho kingi kikitangulia. Mkikuta herufi A, L, U, M pamoja, hiyo ni alumini, au ni shabu yenye alumini. Mkikuta P, A, R, F, U, M, hayo ni manukato ambayo vitu vyake vingi havikutajwa. Asiyejua kusoma amwite mtoto wake wa shule, wala si aibu. Mwenye ngozi nyepesi ajaribu kidogo mkononi kwanza, na mgonjwa amuulize daktari. Na asiye na fedha ya dawa hizi asione unyonge: maji, sabuni, na nguo safi vilitosha tangu zamani, na kwa walio wengi vingali vyatosha.

Na sisi wenye maduka, khasa sisi tunaovaa kofia na kanzu, tujue kwamba mtu akituuliza "Je, haina?" ametufanya mashahidi. Anayejua na aseme. Asiyejua na aseme "Sijui, tusome pamoja." Neno hilo limenipunguzia mauzo kidogo, lakini usiku nalala vizuri.

Mwenyezi Mungu aibariki Jumuiya yetu, awarehemu waliotutangulia kuiasisi, na atujaalie ukweli katika ndimi zetu na biashara zetu. Amin.