KUKUA KWA MIJI YETU MIDOGO NA WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya Mbulu na Hanang)

Huenda mwanachama akauliza: mambo ya miji yanamhusu nini mkulima wa ngano, mahindi au vitunguu saumu? Yanamhusu sana, kwa sababu mji hukua juu ya shamba.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,425,131 katika Mkoa wa Manyara. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,892,502. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa karibu theluthi moja, na ardhi ni ile ile. Watu hao huvutwa na penye barabara, soko na matibabu. Ndiyo maana Katesh imetanuka kandokando ya barabara kuu ya Babati na Singida, na Haydom imekua kuizunguka hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Dongobesh na viunga vya mji wa Mbulu navyo vinazidi kuyasogelea mashamba.

Kukua huku kuna kheri, kwani kunatuletea wanunuzi wa mazao karibu. Hatari imo katika namna kunavyotokea. Mwenye shamba hubanwa na ada ya shule au gharama za ugonjwa, akakata kipande na kukiuza. Jirani yake hufanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeacha njia, wala aliyeuliza maji ya mvua yatapita wapi. Korongo lililokauka wakati wa kiangazi huonekana kiwanja kizuri, tena cha bei nafuu. Baada ya miaka michache mahali hapo ni mji, na kupapanga upya kunataka kubomoa nyumba za watu na kulipa fidia.

Ndugu Wanachama, sote tunaikumbuka asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Matope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata njia za maji hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu walieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano. Miamba laini ilinyonya maji mengi ikaishiwa nguvu. Hakuna chama kinachoweza kuuzuia mlima usiporomoke. Tunaloweza ni kuamua tusijenge katika njia ya maji. Baadhi ya waliopoteza makazi walijengewa nyumba mpya Waret. Ni afadhali mahali pa kujenga pachaguliwe kabla ya maziko kuliko baada yake.

Msiba wa namna hii haukutufika sisi peke yetu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba waliojenga katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na wengi wao wakahamishiwa Mabwepande. Jiji lile limechelewa. Sisi bado tunao wakati.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inamwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kinachohitajika ni watu waliozoea kukutana na kuamua pamoja. Hao ndio wanaushirika. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila katibu afungue daftari la wanachama wenye mashamba yaliyo karibu na mji, aandike nani ana hati na nani hana. Chama chenyewe kitangulie kwa kupimisha kiwanja cha ghala lake.

Pili, wanachama wenye mashamba yanayopakana, wanaokusudia kuuza viwanja, wakae pamoja kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza. Wamwite Afisa Mipango Miji wa Halmashauri aonyeshe njia, mitaro na mahali pa shule. Gharama za upimaji wagawane. Kila mmoja atatoa kipande kwa ajili ya njia, lakini kiwanja chenye njia na hati hakiuzwi kwa bei ya kutupa.

Tatu, wazee watembee na vijana kuonyesha makorongo yote, hata yale yasiyopitisha maji kila mwaka. Yawekewe alama, yaoteshwe majani na miti. Wenzetu wa Kainam wamelima miteremko kwa vizazi vingi, kwa matuta na samadi. Elimu hiyo ya kuyaheshimu maji tusiiache shambani tunapoingia mjini.

Nne, tuimarishe akiba na mikopo. Mzazi anayeweza kukopa ada katika chama chake hatalazimika kuuza shamba la watoto kwa haraka.

Ndugu Makatibu, jambo hili liingizeni katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na maazimio yake yapelekwe kwa maandishi katika serikali ya kijiji na Halmashauri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.