Islii Ilivyofufuka, na Haki ya Mwenda kwa Miguu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na wanaharakati wa haki, Nairobi)



Niliombwa nizungumze juu ya biashara za mtaa wa Islii, na aliyeniomba akanionya nisirefushe maneno kwani chai imekwisha kuandaliwa. Nitamtii kadiri niwezavyo. Lakini mniruhusu nianzie kando kidogo, katika uwanja ambao hapana mwanamageuzi asiyeujua.

Tarehe 7 Julai 1990 watu walitoka majumbani mwao wakaelekea Kamukunji. Mkutano ulikuwa umepigwa marufuku. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliouitisha, walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini siku tatu kabla. Askari wa kutuliza ghasia walikuwa wametanda, na bado watu walikwenda. Sisi huikumbuka siku hiyo kwa ajili ya vyama vingi, na ni haki tuikumbuke hivyo. Hata hivyo, kuna jambo jingine ndani yake: utawala ule, kabla ya kuogopa kura, uliogopa watu waliotembea na kukusanyika mahali pa wazi bila ya idhini. Hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 1997, kukutana hadharani kulihitaji leseni ya ofisa wa serikali. Barabara haikuwa ya mwananchi. Alikuwa akiazimwa tu.

Kutoka uwanja huo hadi Barabara ya Kwanza ya Islii si mwendo wa kuhitaji nauli. Wengi wenu mmeufanya kwa miguu mara zisizohesabika, mkiwa na kikapu mkononi au mtoto mgongoni. Basi nataka tuufanye tena leo kwa maneno.

Islii haikuanzwa kuwa soko. Ilipimwa zama za ukoloni iwe makazi, na kwa kuwa wakoloni waliigawa Nairobi kwa rangi za watu, iliwaangukia Wahindi, Wasomali na wengineo ambao hawakutakiwa kule walikostarehe Wazungu. Wapimaji walichora barabara kuu zilizonyooka, wakazikata kwa mitaa mifupi, na mitaa hiyo wakaipa nambari badala ya majina. Ubaguzi ule hauna la kusifiwa. Lakini mchoro wenyewe, kwa kejeli ya historia, ulikuwa mchoro wa watu waendao kwa miguu: kila baada ya hatua chache kuna kona, na kila kona ni nafasi ya duka. Waliojenga mitaa ya matajiri yenye bustani na malango hawakuwaachia wajukuu wao bahati hiyo.

Baada ya uhuru Wahindi wengi walihama, na nyumba zao zenye ua katikati zikapata wenyeji wapya. Mtaa ukachakaa, mitaro ikaziba, taa za barabarani zikazimika, na halmashauri ya jiji ikausahau ila siku ya kudai kodi. Mnamo Novemba 1989 wakazi wake wengi walipata dhara ya pekee, pale serikali ilipoamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wakaguliwe upya na kupewa kadi za kuthibitisha uraia wao, jambo ambalo hakuna kabila jingine lililotendewa. Nalitaja kwa sababu wapo wasemao kwamba Islii ni mali ya wageni. Wakenya walikuwamo tangu awali, tena waliteswa kwa Ukenya wao.

Kisha, Januari 1991, serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Wakimbizi wakaja, wengine wakiwa wafanyabiashara waliopoteza kila kitu isipokuwa jamaa na uaminifu wao kwa wao. Palikuwa na nyumba moja ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Wapangaji wakaanza kuuza nguo na bidhaa ndogo ndogo vyumbani mwao: mchana bidhaa zilitandazwa juu ya kitanda, usiku zikasukumwa chini yake na mwenyewe akalala. Wanunuzi wakazidi hata vyumba vyote vikageuka maduka. Majirani walipoona, nao wakabomoa kuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikwisha kujengwa majumba makubwa ya biashara kama Amal Plaza, yenye mamia ya vibanda vya hatua mbili tatu, na wafanyabiashara wakaja kununua kwa jumla kutoka Uganda, Tanzania na Kongo. Mmeru akaleta miraa yake, Mkikuyu akaleta mboga na mtaji, Muoromo akafungua mkahawa. Wala hapakuwa na mpango wa serikali wala mkopo wa wafadhili.

Natilia mkazo hapo. Mtaa huu ulifufuliwa na miguu. Mnunuzi wa Islii huingia mlango mmoja akatokea mwingine, akalinganisha bei, akarudi, akaongea, akanywa chai, akakumbuka kwamba mtoto hana soksi. Gari halifanyi hivyo. Mwenye gari hushuka mahali pamoja na kuondoka. Ndiyo maana vibanda vidogo namna ile huweza kulipa kodi kubwa kuliko maduka mapana ya kwingineko.

Sasa niyaseme maumivu, maana mwili unaokua upesi huumwa viungo.

La kwanza, na ndilo litakalonichukua muda, ni kijia cha kando ya barabara. Kijia kile kina wadai watatu. Mwenye duka asema ni cha kwake kwa kuwa kiko mbele ya mlango wake na analipa leseni. Mchuuzi asema ni chake kwa kuwa hana duka wala hataweza kulipata. Kuingia katika kibanda cha jengo zuri hudaiwa malipo ya awali ambayo wafanyabiashara huyaita gudwili, na fedha hizo zaweza kujenga nyumba kijijini. Mdai wa tatu ni mpita njia, mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo, mtu wa kiti cha magurudumu, naye hasemi kitu. Hushuka barabarani katikati ya matatu na mikokoteni, akamwomba Mungu, akapita.

Nimeshuhudia mgogoro huu ukitatuliwa kwa njia moja tu, nayo ni rungu. Askari huja na lori, hukamata mabunda ya nguo, wachuuzi hukimbia, wenye maduka hushangilia. Baada ya juma moja wachuuzi wamerudi, ila sasa kila mmoja anatoa kitu kidogo kila asubuhi ili asionekane. Basi kijia kimeuzwa. Kimeuzwa na mtu asiye mwenyewe kwa mtu asiye na stakabadhi, na mwenda kwa miguu amebaki pale pale. Ndugu zangu, msinielewe vibaya: simtetei anayefunga njia. Nasema kwamba mchuuzi ambaye angepewa hatua moja ya kijia kwa stakabadhi na kwa saa zinazojulikana angeiacha hatua ya pili wazi, kwa maana angekuwa na kitu cha kupoteza. Na mwenye duka aliyetoa bidhaa zake nje hadi ukingoni mwa mtaro hana haki ya kumrushia mchuuzi jiwe.

La pili ni maji taka. Mabomba yalilazwa kwa ajili ya nyumba fupi za familia chache. Juu ya mabomba hayo leo yamesimama majumba marefu yaliyojaa watu na mahoteli. Maji hayana siasa. Yakikosa njia chini hutokea juu. Barabara ya Kwanza ilijengwa upya katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010, baada ya miaka ya wenyeji kuvuka madimbwi kwa mbao, lakini ukiacha barabara kuu na kuingia ndani utakutana tena na harufu ile ile. Mvua za Aprili 2024, zilizoua watu katika bonde la Mathare lililo jirani, hazikuanzisha tatizo hili.

La tatu ni hofu. Tarehe 18 Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu hapo Islii likaua watu, na kesho yake vijana wenye hasira wakavamia Wasomali na maduka yao. Desemba ikaja amri ya kuwarudisha wakimbizi wote wa mijini kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ikaibatilisha, katika kesi ambayo Kituo cha Sheria kilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Miezi isiyofika tisa baadaye, Aprili 2014, operesheni iliyoitwa Usalama Watch ikawakusanya maelfu ya watu, na wengi wakafungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Mashirika ya haki yaliandika jinsi askari walivyodai fedha nyumba hadi nyumba. Hapana anayekana kwamba magaidi waliua. Waliouawa ni watu wetu. Lakini mtaa ambao mtu akiutembea jioni lazima awe na kitambulisho mfuko mmoja na hongo mfuko mwingine, huo haujawa huru. Waumini wenzangu, siku zile tulikuwa wapi? Wapo waliowaficha majirani zao, nawaheshimu. Wengi wetu tulifunga dirisha.

Sasa, sheria yasemaje? Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na haki ya viwango vya kutosha vya usafi katika kifungu cha 43. Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Nairobi yenyewe iliidhinisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili hiyo. Ahadi hiyo haikuletwa na hisani. Katika jiji hili, zaidi ya safari 40 katika kila 100 hufanywa kwa miguu. Lakini barabara iliyojengwa kwa haraka kuliko zote ilikuwa ile ya juu, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Inalipiwa, na mwenda kwa miguu haruhusiwi hata kuikanyaga.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina tarehe. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Tangazo hutoka gazetini kwa herufi ndogo, na mkutano hufanywa siku ya kazi, saa za kazi, na wanaohudhuria aghalabu ni wale walioletwa kwa gari na kupewa chakula cha mchana. Mwaka huu nataka tufike sisi. Tusifike na hotuba, hii yatosha. Tufike na vipimo: kijia cha mtaa fulani upana wake ni kiasi gani, kilichozibwa ni kiasi gani na nani, mfuniko gani wa mtaro haupo, taa gani imekufa. Tuwaalike wazee wa msikiti, chama cha wenye maduka, na wachuuzi, hasa wachuuzi, maana wao ndio wanaoijua barabara kwa kila saa ya siku, na ndio ambao hajawahi kuwauliza mtu.

Wapo watakaosema kwamba kupima mitaro si kazi ya kanisa wala ya wapigania demokrasia. Hao nawaomba wavuke Barabara ya Pili siku ya mvua wakiwa na mgonjwa, kisha tuzungumze.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, nitakuwa langoni hapa na utepe wa kupimia, madaftari mawili na kijana mmoja aliyekwisha kubali kuandika. Tutaanzia Barabara ya Kwanza na kupanda mtaa kwa mtaa. Vaeni viatu vya kuchafuka.