Masikio Yanapovuma: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuanza Dawa Mpya ya Sonona
Hotuba ya afya kwa wakazi wa Matondoni



Matondoni inajulikana kote Pwani kwa mafundi wake wa majahazi na mashua. Kazi hiyo ni ya nyundo na misumari kutwa, na kelele za miaka mingi huumiza sikio la ndani. Baadhi ya mafundi, na wanaoendesha mashua za injini pia, hubaki na mvumo masikioni ambao mtu mwingine hausikii. Usiku, kijiji kikitulia, huzidi.

Mtu akikosa usingizi kwa miezi, moyo nao huchoka. Huacha kazi, hukwepa baraza, chakula hakimpiti. Huenda hiyo ikawa sonona, ugonjwa unaotibika. Daktari humwandikia dawa mpya, kisha akasikia kwamba dawa yenyewe yaweza kuvumisha masikio. Ameze au aache?

Kwanza, ajue dawa inatibu nini. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 6 yenye wagonjwa 610, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba dawa za sonona huondoa mvumo. Kinachotibiwa ni sonona. Hata hivyo, usingizi na moyo vikitulia, mvumo uleule huweza kupungua usumbufu.

Pili, madhara. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa hizi, kama sertralini, huweza kuleta au kuzidisha mvumo kwa baadhi ya watu. Wengi hawapatwi. Basi amuulize daktari kama aweza kuanza na dozi ndogo, na kila siku aandike hali ya usingizi, moyo na mvumo. Nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hivyo dawa isihukumiwe kwa siku tatu. Mvumo ukizidi, arudi kwa daktari. Asiache ghafla, maana hilo pia huleta kizunguzungu na wasiwasi.

Tatu, aseme kila anachotumia: dawa za miti shamba, miraa, muguka. Aspirini nyingi na kwinini huvumisha masikio. Masikio pia yakaguliwe, huenda ni nta tu iliyoziba. Anayepoteza usikivu ghafla asingoje kesho.

Sonona ikiwa nyepesi, ushauri nasaha waweza kutangulia, pamoja na redio ya sauti ya chini au feni wakati wa kulala. Ikiwa nzito, kukaa bila tiba kwaweza kuwa na hatari kubwa kuliko mvumo. Mwenye fikra za kujiua, na hasa kijana katika wiki za mwanzo za dawa, asiachwe peke yake. Apelekwe Hospitali ya King Fahd, Lamu, siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu nao hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Uamuzi ni wa mgonjwa akishauriana na daktari wake. Kazi ya jamaa ni kumsindikiza, si kumcheka.