Nyumba, Jirani na Msamiati: Mfano wa Mji wa Zanzibar



Kabla sijaingia katika mada, naomba tutazame mahali tulipo. Tumekusanyika ukumbini. Katika nyumba ya kawaida ya pwani, ukumbi ni ile sehemu ya mbele anamopokewa mgeni aliyebisha hodi, kabla haijaamuliwa kama ataingia ndani zaidi. Vivyo hivyo, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, limechukua jina la kile kikalio cha mawe au udongo kilicho nje ya nyumba, ambapo mwenyeji na jirani hukaa wakazungumza. Hata mawaziri wetu hukutana katika baraza. Maneno ya mlangoni pa nyumba yamekuwa maneno ya dola na ya taaluma.

Hoja yangu ni kwamba msamiati wa nyumba ni kumbukumbu ya ujirani, lakini ni kumbukumbu yenye upande. Anayetaka kuisoma sawasawa hana budi kuuliza: mzungumzaji alisimama mlangoni pa nani?

Tuchukue jina la Ng'ambo. Kisarufi, ng'ambo ni kiashiria cha mahali: maana yake hutegemea aliposimama msemaji. Zamani hori la maji liliutenga Mji Mkongwe na makazi ya upande wa mashariki. Waliokaa kwenye majumba ya mawe waliwaita jirani zao watu wa ng'ambo. Nao, ingawa kwao ng'ambo ilikuwa ule upande wa pili, walilipokea jina hilo likawa lao. Baadaye hori lilifukiwa na barabara ikapita juu yake. Leo mtu huvuka kwa miguu mikavu na bado husema anakwenda Ng'ambo. Maji yamekwisha, mtazamo umebaki.

Nami sikuepukana na mtazamo huo. Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamivu, nilizunguka katika majumba ya mawe nikiandika majina ya sehemu zake zote: daka, kidaka, sebule, boriti, dari. Siku moja nilipumzika barazani kwa bibi mmoja wa Ng'ambo, nikamsomea orodha yangu kwa fahari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, umeandika ya huko mjini tu? Hii yetu si nyumba?" Sikuwa na jibu. Tasnifu ilipita, watahini wakaisifu, na swali lile halikumo.

Jibu ninalolitoa leo, kwa kuchelewa, ni kwamba nyumba yake ilikuwa na majina tele, na mengine ndiyo yaliyoijenga lugha yetu ya umoja. Methali inatuonya kwamba wanaojenga nyumba moja wasigombee fito. Nyumba ya mawe haina fito kutani. Fito ni za nyumba ya udongo: hufungwa kwenye nguzo, ukuta ukakandikwa, paa likaezekwa makuti, na kazi ya kukandika ilihitaji mikono ya majirani. Tunapohubiri mshikamano majukwaani, twazungumza kwa msamiati wa nyumba ambayo hatukuiona kuwa inastahili utafiti.

Aidha, nyumba hizo mbili hazikuwa mbali kama tunavyodhani. Mti mmoja, mkoko, ulitoa vijiti vyembamba vilivyoitwa fito na magogo manene yaliyoitwa boriti. Boriti zilibeba dari za mawe, na urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba vya matajiri. Fito zilisimamisha kuta za wapagazi, mafundi na waliokuwa watumwa, ambao wengi walihamia Ng'ambo baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa. Msitu ulikuwa mmoja, lakini majina yaligawanywa kwa unene wa mti, na makazi kwa daraja la mtu.

Tena, wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi. Karatasi za wakoloni ziliyaita makazi yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kibanda. Wenyewe waliyaita nyumba. Tofauti ya nomino hizo mbili si ya mtindo. Ni tofauti kati ya mtu anayeweza kuhamishwa na mtu mwenye kwao.

Kizazi kilichofuata kilipanga upya ujirani huo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, majumba mengi ya mawe yalitaifishwa, na nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikapokea familia kadhaa. Mlango, neno ambalo pia humaanisha tawi la ukoo, sasa ukapitiwa na watu wasio wa ukoo mmoja. Kule Michenzani nyumba za udongo zilibomolewa, yakainuka majumba marefu ya ghorofa. Ghorofa lenyewe ni neno la Kiarabu la chumba, ambalo kwetu limepanda likawa tabaka zima la jengo. Jirani aliyekuwa ubavuni akawa juu na chini. Na kwa kuwa ghorofani hapajengwi baraza, wakazi walishuka kuitafuta chini.

Ndugu zangu, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020. Ikiwa mawe huanguka, udongo tuutarajie nini? Kwa nyumba ya udongo, mara nyingi kinachobaki ni maneno, nayo yamo vinywani mwa wazee.

Wanafunzi wangu, neno jirani tumelipata kwa Waarabu, na kwao umbo hilo ni la wingi. Sisi tumelifanya la umoja. Mnapokwenda uwandani, lirudishieni wingi wake: mkiandika jina la boriti, vukeni barabara mkaulize la ufito. Na mkimkuta bibi barazani, msimsomee orodha yenu kabla ya kumwuliza yake.